Kabla ya Kuandika Rufaa ya Kukata Mafindofindo

Maafisa tabibu na madaktari wa mafunzo kazini wanaoanza katika kliniki ya masikio, pua na koo hufundishwa mapema vigezo vya kukata mafindofindo: maambukizi saba ya koo au zaidi katika mwaka mmoja, matano kila mwaka kwa miaka miwili mfululizo, au matatu kila mwaka kwa miaka mitatu. Kuvikariri si kazi. Kazi ni kuhesabu, kwa sababu vigezo hivyo, vilivyotokana na utafiti wa Jack Paradise na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 1984, havihesabu kila koo linalowasha. Kila tukio lilipaswa kuambatana na angalau dalili moja: homa ya kupita nyuzi 38.3, tezi za shingo kuvimba au kuuma, usaha juu ya mafindofindo, au kipimo kuonyesha bakteria wa streptokoka.

Hapa Uganda kumbukumbu hizo, zikiwapo, huwa katika daftari la shule ambalo mama hubeba kila aendapo kituo cha afya. Lisomeni ukurasa kwa ukurasa kabla ya kumuuliza lolote. Mara nyingi mtakuta "homa, kikohozi", kisha amoksisilini, bila neno hata moja kuhusu koo, ilhali mama anaapa kwamba mtoto huugua kila mwezi. Hasemi uongo; kumbukumbu ya mzazi hukusanya mafua na koo mahali pamoja. Paradise alilionyesha hilo mwaka 1978: kati ya watoto 65 walioelezwa kuwa na historia nzito isiyo na maandishi, walipofuatiliwa kwa karibu, ni 11 tu walioendelea kuugua kwa kiwango kilichodaiwa.

Basi msimkatalie mama, na msimwandikie rufaa siku hiyohiyo. Andikeni katika daftari lake mambo ya kuangaliwa kila koo linapouma, yaani homa, tezi na usaha, ili mhudumu wa kituo cha karibu ayajaze. Wala kusubiri upasuaji si kusubiri tiba: ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi bado unaumiza watoto wetu, na koo la streptokoka, ambalo ndilo huweza kuleta homa hiyo, linahitaji penisilini kwa wakati.

Jambo ambalo wengi hulikosea, wakiwamo wakubwa wetu, ni kudhani kwamba vigezo hivi vimefaulu pale upasuaji unapopungua. Uingereza ilipobana masharti, upasuaji ulipungua, lakini wagonjwa waliolazwa kwa maambukizi ya mafindofindo na majipu ya koo wakaongezeka. Hilo peke yake halithibitishi kwamba moja limesababisha jingine, ila linatosha kutuzuia kushangilia mapema. Jaribio la huko Uingereza lililochapishwa mwaka 2023, lenye watu wazima 453, lilionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji waliumwa koo siku chache kuliko wenzao katika miaka miwili: siku 23 dhidi ya 30 kwa mgonjwa wa katikati wa kila kundi. Ni faida ya kweli, ingawa si kubwa kwa kila mtu.

Mtoto anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, kwa mafindofindo makubwa kuziba njia ya hewa, hapimwi kwa hesabu ya maambukizi hata kidogo. Mwombeni mzazi amrekodi kwa simu usiku, kifua kikiwa wazi, muone kama kinajivuta ndani huku hewa haipiti. Video ya dakika mbili imewahi kunisaidia kuliko maelezo ya nusu saa. Huyu ndiye mtoto ninayehofia tunamkosa, kwa kuwa hana homa na hakuna anayemleta.

Anayekatwa apewe parasetamoli na aibuprofeni, si kodeini, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliipiga marufuku kwa watoto baada ya upasuaji huu mwaka 2013. Damu hupenda kutoka kati ya siku ya tano na ya kumi, mgonjwa akiwa tayari nyumbani. Kwa hiyo ulizeni anakoishi na usafiri wa usiku kabla ya kupanga tarehe, na katika rejista ya chumba cha upasuaji andikeni sababu iliyomfanya akatwe.