Kuku anaungua nje, ndani bado damu: nifanyeje?

SWALI: Mkuu habari. Jumamosi tuna kabarbikyu nyuma ya nyumba huku Kigamboni, wageni kama 15 hivi, na kuku nimeachiwa mimi. Kila nikichoma ni yaleyale, nje mweusi tii, ukikata paja unakuta damu kwenye mfupa. Wife anasema nichemshe kwanza, mi naona utamu wote utabaki kwenye maji. Natumia kuku wa kisasa, jiko la nusu pipa. Naomba msaada.

JIBU: Salama kaka. Wa kisasa usimchemshe bwana, yule bado mtoto, anachinjwa ana wiki tano sita tu, nyama yake laini tayari. Shem angekuwa anaongelea jogoo wa kienyeji ningemuunga mkono, maana huyo usipomtangulizia sufuria na tangawizi wageni watatafuna mpaka taarabu iishe.

Shida yako ni moto. Watu wengi wanamwaga mkaa pipa zima, wanawasha, na moto ukiwa bado unawaka wanatupa nyama juu, sasa mafuta ya ngozi yanadondoka, moto unaruka, dakika 10 tu ngozi imeshaungua na joto halijafika hata katikati ya paja. Nusu pipa ni jiko zuri sana ila usilijaze. Mkaa wote sukumia upande mmoja, upande wa pili uache mtupu kabisa. Washia vifuu vya nazi au makaratasi, mafuta ya taa achana nayo, harufu inabaki kwenye nyama. Halafu subiri, hapa ndo watu wanakosa subira, mpaka mkaa uvae majivu meupe na usione tena moto unaoruka. Ukiweka kiganja usawa wa wavu juu ya mkaa utakitoa haraka kabla hujafika tatu, ila upande mtupu unatakiwa uvumilie hata kuhesabu mpaka sita saba hivi.

Kuku mkate robo robo. Kwenye paja chana mistari miwili mpaka kisu kiguse mfupa, hasa pale kiungo cha paja na mguu, ndo panachelewaga kuiva kuliko kote. Panga upande usio na mkaa, ngozi juu, mapaja yasogee karibu na mkaa na vidali vikae mbali. Funika na sufuria kubwa au sinia la chuma (bati la kuezekea hapana, lile lina zinki). Geuza mara moja moja tu, usimsumbue kila dakika. Paja litachukua kama dakika 35 mpaka 45, kidali kinawahi, kikiiva kitoe usikisubirishe kitakauka. Mwishoni kabisa ndo unahamishia juu ya mkaa, ngozi chini, dakika mbili tatu ipate rangi na ikauke vizuri, na hapo usiondoke hata kama simu inaita.

Kuhusu damu, mara nyingi wala sio damu. Kuku wa kisasa mifupa yake bado michanga, uboho unavujia kwenye nyama na kuacha wekundu hata kama ameshaiva, na aliyekaa friza ndo zaidi. Kwa hiyo rangi peke yake usiiamini. Tafuta temomita ya nyama, choma sehemu nene bila kugusa mfupa, nyuzi 74 za sentigredi ni salama, ila paja mi napeleka mpaka 80 na kitu ndo linalainika. Huna? Choma kisu paja pale lilipo nene, maji yatoke maangavu, na ukishika mguu ukiuzungusha ulegee kwenye kiungo. Alafu kama kuku wako anatoka friza asubuhi hiyohiyo ujue kuna barafu imejificha mfupani, hata moto uwe mzuri vipi haitasaidia. Mshushe friji toka Alhamisi.

Viungo sitakufundisha, kila nyumba na mambo yake. Ila chumvi paka Ijumaa usiku iingie ndani, vijiko viwili vya chai kwa kuku wa kilo moja na nusu, ndimu ije saa moja au mawili kabla tu maana ukilaza nayo usiku kucha nyama ya juu inakuwa kama unga. Kechapu, asali na sosi zote zenye sukari ni dakika tano za mwisho, ukipaka mwanzo ndo ule weusi wako. Na yale maji ya viungo yaliyobaki kwenye bakuli la kuku mbichi usiyapake na brashi juu ya nyama iliyoiva, kwanza yachemshe yatokote. Sinia la mbichi nalo lisirudi kubeba wa kuiva mpaka lioshwe na sabuni.