Diski inayogonga "tak tak": usiiwashe tena

Pole sana mkuu. Umesema diski yako ya nje ilianguka kutoka mezani, sasa inagonga "tak, tak", kompyuta haiioni, na humo ndimo zilimo picha za marehemu mzee wako. Tafadhali ichomoe sasa hivi na usiiwashe tena.

Mlio huo ni wa kichwa cha kusomea kinachotafuta njia na kuikosa. Ndani mna sahani zinazohifadhi data, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa huelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kikishaharibika, kila ukiwasha kinaweza kuikwangua sahani, na palipokwanguliwa hapana fundi wa kuparudisha. Waliokushauri uiweke kwenye friza usiwasikilize. Ikitoka humo, unyevu hutanda juu ya sahani. Wala usikubali ifunguliwe mezani dukani. Kazi hiyo hufanyiwa kwenye chumba maalumu kisicho na vumbi, na vichwa huchukuliwa kutoka diski nyingine ya modeli ileile. Ni ghali kweli, kwa hiyo uliza mapema kama wanatoza hata wakishindwa.

Ingekuwa bado inasomeka kwa kusuasua, ningekuambia utoe nakala nzima kwa programu ya ddrescue kwenda diski nyingine, kisha uzitafute picha ndani ya nakala kwa programu ya PhotoRec. Zote ni za bure. Kwa inayogonga, programu itaimaliza tu.

Na kama kuna ndugu uliyewahi kumtumia picha hizo kwa WhatsApp, muulize leo hii.