Upweke kwa Shaaban Robert na Kezilahabi

Ndugu yangu, umeuliza kati ya Shaaban Robert na Kezilahabi ni nani anayeuonyesha upweke vizuri zaidi. Shaaban ni mzee wetu wa Tanga, mzaliwa wa Vibambani, lakini sitampendelea. Katika shairi lake "Amina", akimlilia mkewe, anamwambia "umejitenga". Neno hilo hunichoma kila nikilisoma: aliyekufa ndiye aliyejitenga, na aliyebaki anazungumza na asiyejibu. Ila vina na mizani vinamshika mkono. Shairi lile waweza kulighani barazani, watu wakakuitikia. Kazimoto wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Kezilahabi, hana wa kumwitikia. Msomi yule kazungukwa na ndugu, na bado yuko peke yake hadi anajiua. Huyu ndiye aliyeninyima usingizi. Anza na shairi, ulisome kwa sauti.