Sahani Zisiteleze Chombo Kikienda Mrama

SWALI: Nahudumia chakula cha jioni kwenye jahazi la watalii, Mjini Unguja. Kusi likivuma, sahani zinateleza na urojo unamwagika. Kwenye meli ya anasa kama Queen Mary walifanyaje? – Mhudumu, Malindi

JIBU: Ndugu yetu, Queen Mary ilianza safari 1936 ikastaafu 1967, na leo ni hoteli kule Long Beach, Marekani. Kwa uzuri wake wote, ilikwenda mrama sana, yaani iliyumba ubavu huu na huu. Mapezi ya kuituliza yalifungwa 1958 tu. Katika meli za aina ile, bahari ikichafuka, wahudumu walilowesha vitambaa vya meza.

Nawe fanya hivyo. Tumia kitambaa kizito cha pamba, ukinyunyizie maji kiwe na unyevu bila kutona. Kikirowa chepechepe, maji hutuama chini ya sahani nayo huteleza zaidi. Nailoni haifai, haishiki maji. Pigilia pia ukingo wa ubao wa sentimita 2 kuzunguka meza.

Urojo utie nusu bakuli, bakuli lenye kina, kisha uongeze. Usimimine jahazi likiwa limelala. Ngoja lisimame wima. Na glasi za miguu mirefu, ziache pwani.