Umefunga heda kwenye pikapu, sasa bomba la nyuma liwe inchi ngapi?

Heda, yaani yale mabomba yanayokusanya moshi wa kila silinda badala ya manifodi ya chuma, niliifunga kwenye Hilux yangu kwa shida, si kwa fasheni. Manifodi ya zamani ilipasuka, kila asubuhi tik-tik-tik mpaka injini ishike moto, na fundi mmoja alikuwa na heda iliyotumika ambayo bei yake ilikaribiana na ya manifodi ya mtumba. Injini ni 22R ya petroli, lita 2.4, ya kabureta. Kazi ya gari ni ileile miaka yote: kupandisha saruji kutoka Tanga kwenda Lushoto na kuteremsha kabichi na viazi.

Heda yenyewe haijawahi kunisumbua. Kilichonila hela ni bomba la nyuma yake, ambalo nimelifunga mara mbili.

Mara ya kwanza nilimwachia fundi achague. Akaweka bomba la inchi 2.5 kutoka kwenye heda mpaka mwisho, na sailensa fupi ya kupitiliza, ile ambayo ukichungulia unaona upande wa pili. "Bosi, sasa hii inapumua," akaniambia, akapiga resi mpaka watoto wa jirani wakatoka nje. Na mimi nilifurahi, sitadanganya. Kutoka Tanga hadi Korogwe lami imenyooka, gari linanguruma, najiona wa maana.

Baada ya Mombo ndipo nilipoonja. Nilikuwa na mifuko 20 ya saruji, yaani tani moja kamili. Zile kona za kabla ya Soni ambazo zamani nilizipita kwa gia ya tatu, gari likawa linakata pumzi, narudi ya pili. Kelele nyingi, mwendo hakuna.

Mtaani utasikia kwamba injini inahitaji moshi ubanwe kidogo ili iwe na nguvu. Si hivyo. Moshi kubanwa hakuisaidii injini chochote. Inachohitaji ni moshi utoke kwa kasi, kwa sababu moshi unaokimbia huvuta nyuma yake ule wa silinda inayofuata. Bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi wa resi ndogo (injini ikizunguka polepole) unazubaa humo ndani na ule mvuto unapotea. Tena upana unadanganya macho: ukitoka inchi 2.25 kwenda 2.5 umeongeza robo inchi tu, lakini nafasi ya ndani imekua karibu robo nzima. Gari la mashindano linaloishi kwenye resi kubwa litalipenda bomba hilo. Pikapu yenye tani moja mgongoni inaishi kwenye resi ndogo.

Kwa hiyo kwa injini ya silinda nne ya lita 2 hadi 2.4 isiyo na tabo (turbo), mimi nasema inchi 2, au 2.25 ukitaka sana. Yangu sasa ni 2.25 na zile kona zimerudi kwenye gia ya tatu. Kama bado hujanunua heda yenyewe, tafuta ile ya nne-mbili-moja, ambayo mabomba manne yanakuwa mawili kwanza, halafu moja. Hakikisha silinda ya 1 imeunganishwa na ya 4, na ya 2 na ya 3, maana injini hizi huchoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2 na jozi hizo ndizo zinazopishana sawasawa. Nne-moja, ambayo manne yanaingia moja kwa moja kwenye bomba moja, ni ya watu wa mashindano.

Mwenye pikapu ya dizeli yenye tabo, hesabu zangu zisikuhusu. Na kama gari lako ni la EFI (petroli inapulizwa kwa kompyuta, si kwa kabureta), sensa ya oksijeni irudi mahali pake kwenye bomba jipya, si kuachwa inaning'inia.

Sailensa usichague kwa kusikiliza gari likiwa limesimama gereji. Ile fupi yangu ilikuwa tamu pale, lakini kwenye kilomita 80 kwa saa kabini yote ilikuwa inavuma kama nimekaa ndani ya pipa, na safari ya saa tatu unashuka kichwa kinagonga. Nilibadilisha nikaweka ndefu zaidi, ya kupitiliza vilevile. Omba uendeshe la mwenzako kwanza.

Sasa njia ya kupitisha bomba, na hapa ndipo mafundi wengi wanakosea kwenye pikapu. Wanapima gari likiwa tupu. Ukipakia, springi zinalala, bodi inashuka, na lile bomba linalopita juu ya ekseli linaanza kugonga difu kila shimo. Langu liligonga mpaka likabonyea kama kopo la maziwa lililokanyagwa. Mara ya pili nilikwenda gereji na saruji yangu mgongoni. Fundi alinuna, lakini alipima hivyohivyo, akaacha nafasi ya vidole vinne.

Usikubali pia litokee ubavuni mbele ya tairi la nyuma. Ni rahisi kwa fundi, bomba linakuwa fupi. Ila moshi unapanda kwenye bodi, na ukiwa umefunika turubai huku vijana wa kupakua wamekaa ndani, unawavutisha sumu isiyo na harufu. Litoke nyuma kabisa, lipite bampa.

Gari la kabureta likishafungwa heda, chomoa plagi baada ya siku chache. Zikiwa kahawia hafifu, uko sawa. Zikiwa nyeupe, mafuta hayatoshi, weka jeti kubwa zaidi (vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli) kabla hujaunguza valvu. Zangu zilikuwa nyeupe kama chaki.

Kitambaa cha kuzuia joto kinachozungushiwa heda nilikivua. Huku pwani kilishika unyevu na chuma kikaanza kumeguka chini yake. Kwenye sailensa mwambie fundi atoboe kitundu kidogo sehemu ya chini kabisa, maji yanayotokana na petroli kuungua yapate pa kutokea. Halafu ukishatembea siku mbili tatu, injini ikiwa imepoa, rudia kukaza nati za heda zote. Mimi nilizisahau, na wiki ya pili nikaamka na tik-tik-tik ileile niliyodhani nimeizika pamoja na manifodi.