Re: Meme ya picha tatu, mbona haichekeshi?
Mkuu, umesema meme yako ya picha tatu, sura yenye hofu, kisha nafuu, kisha hofu zaidi, watu wanaipita tu. Kosa liko picha ya pili: "Angalau si mbaya sana." Hayo ni maoni, kwa hiyo picha ya tatu haina cha kubomoa. Nafuu iwe jambo mahususi, kisha picha ya tatu ivunje jambo hilohilo, mfano:

Umeme umekatika.
Ni mtaa mzima, utarudi.
Kwa majirani umerudi. Kwako bado.

Anza kuandika ya tatu, ndipo urudi nyuma. Maneno yasizidi saba kwa picha. "Mbaya zaidi" futa kabisa, sura ya picha ya tatu imeshasema. Na utani usiurudie kwenye maelezo ya chini, watu watausoma kabla ya kutazama picha.

Kwa upana wa pikseli 1080, ukubwa wa herufi uanzie pikseli 60, ziwe nyeupe zenye ukingo mweusi. Picha ndefu WhatsApp huikata juu na chini kwenye gumzo, na huko chini ndiko kichekesho chako kiliko. Ikikaribia mraba ni salama. Ukirekebisha maandishi, rudi kwenye faili la mwanzo. Picha ya aina ya JPEG iliyohifadhiwa upya mara nne inaota ukungu kwenye kingo za herufi.