Meneja amesoma barua niliyomwandikia daktari

SWALI: Mhariri, mimi ni mhasibu katika kampuni moja hapa Nakuru. Juzi meneja aliniita, nikakuta barua pepe niliyomtumia daktari wangu kwa anwani ya kazini imechapishwa, imepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. Ana haki hiyo?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Pole sana, dada. Anwani ni ya kampuni, na mwajiri anaweza kuikagua akiwa na sababu halali, mathalani kuchunguza wizi. Hilo halimpi ruhusa ya kusoma kila kitu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha ya mawasiliano. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inamtaka akuarifu kwamba anakusanya taarifa zako na kwa nini, wala asichukue kupita anachohitaji. Habari za afya ni data nyeti; zinalindwa zaidi.

Soma kwanza mkataba wako na sera ya kompyuta uliyotia sahihi. Je, inataja nani hukagua barua, na kwa sababu gani? Sentensi moja kwamba "kampuni inaweza kukagua" haitoshi kuhalalisha barua ya daktari kusomwa.

Kisha mwandikie mwajiri ombi la kuona data yako, kwa Fomu DPG 2, fomu rasmi ya ombi kama hilo. Uliza nani alifungua barua zako, siku gani, kwa sababu gani, na nakala ziko kwa nani. Ana siku 7 za kutimiza ombi hilo, na hulipi chochote. Wengi hukwama hapa kwa sababu huuliza kwa mdomo, halafu wanakosa ushahidi. Peleka karatasi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Akinyamaza, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inaipa siku 90 kuchunguza na kumaliza malalamiko.

Tafadhali usifute barua zozote. Nakala zinaweza kubaki kwenye seva, na kufuta kutaonekana kama kuficha jambo. Usijitumie nyaraka za kampuni kwenye Gmail yako eti ni ushahidi. Utakuwa umempa meneja kosa la kukuadhibu. Ukionyeshwa tena ile karatasi, omba nakala, na usiku huohuo andika tarehe, saa na waliokuwepo.

Daktari mwandikie kwa anwani yako binafsi, kwa simu yako. Ukiifungulia kwenye kompyuta ya ofisi, kivinjari huweza kuhifadhi nywila yako, na atakayeketi hapo baada yako ataingia bila kubisha hodi.